Kuzunguka Ngazija kwa siku moja: tunayoyasikia Dodoma na yalivyo

Nilipoaga kwamba naenda Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, shangazi yangu wa Chamwino aliweka kikombe chini. "Huko kwenye mlima wa moto? Una akili sawasawa wewe?" Kijiweni nako kila mtu alikuwa na lake. Mengi ya waliyoniambia sikuyakuta.

Kwanza hilo la kisiwa kuwaka. Mlima wenyewe, Karthala, wenye mita 2,361, uko hai kweli: ulilipuka mara mbili mwaka 2005, ukarudia 2006 na 2007. Lakini anayezunguka kwa gari kwa barabara ya pwani haoni moto wala moshi, na mara nyingi hata kilele hakioni kwa mawingu. Anachokiona ni moto uliokwisha kuganda, yaani mawe meusi yenye vitundu kama kitumbua ukikimega. Pale Singani, kusini mwa kisiwa, uji wa volkano ulishuka mwaka 1977 ukakifunika kijiji. Watu walirudi wakajenga. Nilikuta suruali za shule zimeanikwa juu ya jiwe lile lile lililowafukuza babu zao.

Dhana ya pili ilinigharimu. Nilidhani kuzunguka kisiwa ni pamoja na kuchungulia kreta, yaani shimo la volkano, la Karthala, na aliyetuuzia safari alijibu "tutapita, msijali". Tulipita kweli, dirishani. Kufika juu ni kutembea kwa miguu kutwa nzima, na wengi hulala huko huko mlimani. Kreta ya mtu wa safari ya siku moja ni nyingine, Ziwa la Chumvi, kaskazini karibu na kijiji cha Bangoi-Kouni. Ni shimo la volkano lililo kando kabisa ya bahari, nalo limejaa maji ya chumvi. Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Akaja mgeni mwenye kiu akaomba maji, wakamnyima, kijiji kikazama. Nilimwambia dereva kwamba hadithi hiyo ingeeleweka Dodoma kuliko kwingine kokote. Akacheka, ila akasema hata kwao maji si ya mchezo.

Hapo ndipo lilipo kosa kubwa zaidi, na nililibeba mwenyewe kutoka nyumbani: kwamba penye mvua na kijani kibichi lazima pawe na mito. Dodoma, mwaka wa kawaida, hatufikishi milimita 600 za mvua. Moroni, mji mkuu wao, hupata zaidi ya 2,500, na miteremko ya Karthala hupata zaidi ya hapo. Basi nikakaa dirishani nikingoja daraja la kwanza lenye mto chini yake. Sikuliona. Ngazija haina mto unaotiririka mwaka mzima, kwa sababu jiwe changa la volkano limejaa vitundu na nyufa. Mvua ikinyesha, ardhi inainywa yote, maji yanazama chini hadi yanakutana na ya bahari. Ndiyo maana vijijini utaona matangi ya saruji kando ya nyumba na mifereji ya kukinga maji ya paa. Mlipuko wa Novemba 2005 uliwaumiza zaidi kwa njia hiyo: majivu yaliingia kwenye matangi, watu wakakosa maji ya kunywa. Sisi wa hapa tunakunywa mvua iliyozama chini na kuvutwa kwa pampu kwenye visima vya Mzakwe. Wao mvua inawapigia bati, na bado wanahesabu ndoo.

Mchanga mweusi? Upo, lakini kwenye fukwe za Mitsamiouli na Chomoni utakuta mweupe, umekaa kifua kwa kifua na mwamba mweusi. Na anayedhani Unguja nayo ilitokana na volkano, hapana. Ile ni chokaa ya matumbawe.

Kuhusu lugha, wengi tunaamini Wangazija wanaongea Kiswahili chetu chenye lafudhi tu. Kingazija ni ndugu wa Kiswahili, ila ni lugha yake. Muuza ndizi aliniambia "marahaba" nami nikashtuka, maana sikuwa nimemwamkia. Kumbe kwao marahaba ni asante.

Niliporudi, shangazi alikuwa bado na hofu yake, ila sasa aliielekeza kwetu. Mawe haya makubwa ya Dodoma, akauliza, si nayo yalirushwa na volkano? Hayakurushwa. Ni matale, yaani graniti, yaliyopoa chini kabisa ya ardhi miaka zaidi ya bilioni mbili iliyopita, kisha udongo wa juu ukamomonyoka yakabaki wazi. Na mlima Hanang, kule Manyara, je? Tarehe 3 Desemba 2023, tope liliposhuka Katesh, mji ulio chini yake, likaua watu, wengi walisema mlima umeamka. Hanang ulikuwa volkano zamani sana, lakini siku ile ilikuwa mvua: sehemu ya mlima iliyolegea ililowa, ikaporomoka.

"Kwa hiyo kule kwenye moto wanalia na maji," akasema, "na huku maji ndiyo yaliyoua." Akaninyooshea ndoo nikamjazie.