Ute, chicha na shombo: maswali kuhusu majimaji ya ukeni

Kila siku naona majimaji kwenye chupi. Ni ugonjwa?

Mara nyingi siyo. Uke hujisafisha wenyewe, na ute ndio unaotoa seli zilizokufa. Mwanamke wa umri wa kuzaa hutoa kwa siku chini ya kijiko kimoja cha chai, mweupe au usio na rangi, ukikauka unaacha alama ya manjano hafifu. Kwenye siku ya 14 hivi, kwa mwenye mzunguko wa siku 28, huwa telezi na huvutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi, kisha hurudi kuwa mzito. Mimba huuongeza, na baadhi ya dawa za kupanga uzazi pia. Basi usijilinganishe na shoga yako. Jilinganishe na ulivyokuwa mwezi uliopita.

Ute umebadilika. Nitajuaje ni nini?

Tazama rangi na uzito, nusa, kisha jiulize kama kuna mwasho au maumivu.

Ukiwa mzito mweupe kama chicha za nazi, hauna harufu kali, lakini unawasha usiku kucha na mkojo unachoma ukigusa ngozi ya nje, huenda ni fangasi. Ukiwa mwepesi wa kijivu, kama tui la mwisho, wenye shombo ya samaki inayozidi baada ya tendo la ndoa au hedhi, huwa ni bakteria wa ukeni waliopoteza mizani. Shombo hiyo si ushahidi kwamba mume ametoka nje, na ndoa kadhaa zingepumua watu wakilijua hilo. Wa manjano au kijani, wenye povu, hutiliwa shaka ya trikomonasi. Huo ni ugonjwa wa zinaa, na mwenzio asipotibiwa utaambukizwa tena.

Rangi, hata hivyo, haitoshi. Kisonono na klamidia mara nyingi hukaa kimya kabisa.

Si ninunue tu dawa kemisti?

Hapa ndipo wengi hupotelea. Klotrimazoli ya kuingiza ukeni, miligramu 500 usiku mmoja, ni ya fangasi. Kwa shombo haisaidii. Kwa shombo hutolewa metronidazoli, kwa kawaida miligramu 400 mara 2 kwa siku kwa siku 7. Wengi huiacha siku ya tatu kwa kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni, tatizo likarudi. Imeze pamoja na chakula. Antibiotiki ya kubahatisha huua bakteria walinzi, na fangasi hupata nafasi ya kutamba. Mjamzito asimeze flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza, bila kuonana na mhudumu. Jambo jingine lisilosemwa dukani: krimu na vidonge vya kuingiza hudhoofisha mpira wa kondomu.

Na shabu, udi, maji ya ndimu?

Uke tayari una tindikali yake, pH kati ya 3.8 na 4.5, inayotengenezwa na bakteria walinzi. Ukiosha ndani unawatoa hao. Shabu hukausha na kuchubua ngozi, na mchubuko ni njia ya virusi vya Ukimwi. Udi ufukize nguo na nywele, uishie hapo. Osha nje tu kwa maji matupu, kutoka mbele kwenda nyuma. Joto la Mombasa mwezi wa Machi linataka chupi ya pamba, na ibadilishwe ikilowa jasho.

Kliniki watanifanya nini?

Utajilaza, ujifunike leso, na kifaa cha kupanua uke kitaingizwa polepole. Unaweza kuomba uhudumiwe na mwanamke. Ute huchukuliwa kwa kijiti chenye pamba, ukatiwa tone la maji ya chumvi kwenye kioo cha hadubini. Vimelea vya trikomonasi huonekana vikichezacheza, lakini sampuli ikikawia na kupoa hutulia, na majibu yakatoka safi kwa makosa. Kwa siku 2 kabla ya kwenda usiingize dawa, usioshe ndani, usifanye tendo. Anzia kituo cha afya cha karibu. Kikishindwa watakutuma Makadara, Hospitali Kuu ya Pwani.

Lini nisingoje?

Nenda siku hiyo hiyo ukiwa na maumivu chini ya kitovu pamoja na homa: maambukizi yanaweza kuwa yamepanda kwenye kizazi na mirija, na mirija ikiziba kupata mimba huwa shida. Mjamzito anayechirizikwa na maji au damu asilale nyumbani. Damu baada ya tendo, au baada ya hedhi kukoma, ichunguzwe mlango wa kizazi na kizazi chenyewe. Mtoto ambaye hajabaleghe akitokwa na uchafu, apelekwe bila kugombezwa. Huenda kuna kitu kimeingia, au kuna mtu amemdhuru. Aliyebakwa afike ndani ya saa 72, kwa ajili ya dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Na fangasi inayorudi mara 3 au zaidi kwa mwaka, omba upimwe sukari na virusi vya Ukimwi kabla ya kununua bomba jingine la krimu.