Ukubwa wa Jengo Hauleti Heshima

“Lipandishe juu, lipanue, lionekane la heshima.” Agizo hili huja kwangu, msanifu majengo, kutoka kwa anayejenga nyumba ya ibada, zahanati, hata ofisi ya watu wanne, na limenichosha. Jicho halihesabu mita. Hulinganisha dari na kimo cha mtu, urefu na upana, chumba na njia iliyokufikisha humo. Ndiyo maana Frank Lloyd Wright, msanifu majengo wa Marekani, alipenda kushusha dari ya mlangoni: ukitoka hapo, sebule ya kawaida inaonekana imefunguka.

Wateja hunitajia Pantheon, hekalu la kale la Roma, kama ushahidi dhidi yangu. Ni kubwa, kweli, lakini kipenyo cha kuba lake, mita 43.3, ndicho pia kimo kutoka sakafuni hadi kwenye tundu la juu. Utulivu wake unatokana na uwiano huo. Ukirefusha kuta peke yake, unapata bomba.

Kisha tazameni ukumbusho wa vita vya Vietnam uliobuniwa na Maya Lin, Washington, 1982. Haupandi popote. Kuta za granaiti nyeusi zinaanza na kimo cha sentimita 20 hivi, njia inateremka, na katikati ukuta unazidi mita 3. Mgeni anazama polepole kati ya majina zaidi ya 58,000, na sauti yake inashuka bila kuambiwa. Mnara gani ungefanya hivyo?

“Dari ikiwa juu, chumba ni kizuri.” Kwa nani? Katika sanatorium (hospitali ya kifua kikuu) ya Paimio, Ufini, iliyokamilika 1933, msanifu wake Alvar Aalto alimfikiria mgonjwa aliyelala chali: dari ikapakwa kijani tulivu, taa ikawekwa mahali isipomchoma macho.

“Chumba cha duara kinapoteza nafasi.” Hapana. Kwa urefu uleule wa ukuta, hakuna umbo linalozingira eneo kubwa zaidi. Kinachosumbua ni makabati yenye migongo bapa. Duara linafaa watu wanaoketi wakiwa sawa, bila mkubwa. Mahakama inahitaji upande wa mbele.

Kwa hiyo msinianzie na idadi ya ghorofa. Niambieni mtu akiingia afanye nini, ajisikieje. Na msiamini macho yenu kwenye msingi ulio wazi, maana kabla ya kuta kusimama kila chumba huonekana kidogo, na hapo ndipo watu hukimbilia kuongeza. Nendeni mkapime chumba kilichowahi kuwagusa, mniletee vipimo vyake.