Liberal wa Uingereza hawakufa, na wala hawajapendwa ghafla

Kila uchaguzi wa Uingereza ukiisha kuna watu wanaibuka na zile ramani za rangi, wakiona rangi ya chungwa ya Liberal Democrats (Lib Dem) imejaa kusini wanasema "eeh Lib Dem wamerudi kwa kishindo", miaka mitano mbele rangi imefutika wanasema basi kwisha habari yao. Mimi hiki chama nakifuatilia kama wengine wanavyofuatilia Simba na Yanga, na karibu kila stori inayosemwa kuhusu kupanda na kushuka kwake naona ina kasoro mahali. Tuzipitie, ila sio zote zina uzito sawa, kuna ambazo ntazipita chapchap.

Dhana: viti vingi maana yake wananchi wamewapenda zaidi

Hili ndo kosa mama. Angalia namba wewe mwenyewe. Mwaka 2019 Liberal Democrats walipata kura kama milioni 3.7 wakaambulia viti 11. Mwaka 2024 wakapata kura kama milioni 3.5, yaani ZIMEPUNGUA, wakabeba viti 72. Sijakosea kuandika. Kura zimeshuka, viti vimepanda zaidi ya mara sita. Kilichopanda kidogo ni asilimia, kutoka 11 na ushee hadi 12 na ushee, maana mwaka ule watu wengi walibaki nyumbani hawakwenda kupiga kura. Na hivyo viti 72 ndo vingi zaidi kwao tangu 1923, kwahiyo magazeti yakaandika kama vile nchi nzima imeokoka ikahamia uliberali.

Sasa rudi nyuma hadi 1983. Liberal walikuwa wameungana na SDP, kile chama kilichoanzishwa 1981 na wakubwa wanne waliotoka Labour, chama kikubwa cha mrengo wa kushoto (Roy Jenkins, David Owen, Shirley Williams na Bill Rodgers). Vyama hivyo viwili ndo baadaye viliungana kuwa Lib Dem. 1983 kwa pamoja wakapata kura milioni 7.8, asilimia 25.4. Viti? 23. Labour wao walipata asilimia 27.6, tofauti ya pointi mbili tu hapo, wakapewa viti 209. Mtu akikwambia 1983 Liberal walikuwa dhaifu na 2024 walikuwa na nguvu muulize nguvu anapima kwa mizani gani, maana 1983 walikuwa na kura zaidi ya mara mbili ya 2024.

Sababu yake sisi tunaijua vizuri kwa vile ndo mfumo tunaotumia kuchagua wabunge wa majimbo Tanzania na Kenya, anayeongoza jimboni anachukua hata kama kaongoza kwa kura moja, wa pili anabeba mabango yake anarudi nyumbani. Ukiwa na robo ya kura kila jimbo nchi nzima utakuwa wa pili au wa tatu kila mahali na bungeni huonekani. Labour wa 1983 kura zao zilikuwa zimerundikana kwenye miji ya viwanda na migodi, huko walikuwa hawang'oki hata mvua inyeshe moto. Wa Liberal zilikuwa zimetapakaa.

Alafu kuna 1997 ambayo watu wengi hawaijui. Kati ya 1992 na 1997 kura za Lib Dem zilishuka kutoka karibu milioni 6 hadi milioni 5.2, viti vikapanda kutoka 20 hadi 46. Paddy Ashdown ndo alikuwa kiongozi. Wananchi walikuwa wamechoka na Conservative, chama cha wahafidhina, waliokaa madarakani tangu 1979, kwahiyo mfuasi wa Labour anayeishi sehemu ambayo Labour haina chake anampa kura Lib Dem ili tu wa Conservative atoke, na mwenzake wa jimbo la pili anafanya kinyume chake. Hayo sio mapenzi, ni hesabu. 2024 ilikuwa mchezo ule ule.

Na hesabu hiyo inafundishwa hadi mlangoni. Ukiishi kwenye jimbo wanalolitaka utapata kipeperushi chao, na karibu lazima kiwe na mchoro wa nguzo: nguzo ya Conservative, nguzo ya Lib Dem imeikaribia kabisa, na pembeni kinguzo kifupi cha Labour kimeandikiwa kwamba hao hawawezi kushinda hapa. Mara nyingi urefu wa nguzo na namba zilizoandikwa juu yake haviendani kabisa, watu wanavipiga picha na kuvicheka mitandaoni kila uchaguzi. Wacheke tu. Ujumbe umefika: usipoteze kura yako, hapa ni sisi au wale.

Kitu cha ajabu ni kwamba 2024 ndo mwaka ambao mfumo uliwatendea karibu na haki, viti asilimia 11 kwa kura asilimia 12. Walioumia mwaka huo ni Reform, chama cha mrengo wa kulia, kura zaidi ya milioni 4, viti 5. Hapo ndo utaona Liberal wa 1983 walikuwa wanalia nini.

Dhana: Labour ndo waliowaua Liberal

Inasemwa hivi: zamani kulikuwa na Liberal na Conservative, wafanyakazi wakapata kura, wakaanzisha Labour, Liberal wakafa. Safi, imekaa vizuri, ila imeruka nusu ya mambo.

1906 Liberal walishinda viti karibu 400, ushindi wa kutisha. Lakini nyuma yake kulikuwa na makubaliano ya siri ya 1903 kati ya Herbert Gladstone, mtoto wa yule waziri mkuu mzee wa Liberal, William Gladstone, na Ramsay MacDonald wa Labour, kwamba sehemu fulani tusigombaniane ili Conservative asipite katikati yetu. Labour wakaingia na wabunge 29. Mlango ulifunguliwa na Liberal wenyewe tena kwa ufunguo wao. Na kufikia chaguzi mbili za 1910 Liberal walikuwa wanalingana na Conservative karibu kiti kwa kiti, serikali inasimama kwa msaada wa Waairishi na Labour. Serikali hiyo hiyo ndo ilileta pensheni ya wazee iliyoanza kulipwa Januari 1909, shilingi tano kwa wiki kwa aliyefika miaka 70, na bado haikuwazuia kupoteza viti zaidi ya mia moja. Ukidhani wananchi wanalipa fadhila, haya.

Kisha Desemba 1916, Vita ya Kwanza ya Dunia imekolea, Lloyd George akamtoa Asquith kwenye uwaziri mkuu kwa kushirikiana na Conservative. Wote wawili Liberal. Kikulacho ki nguoni mwako, ndo hapo. 1918 Lloyd George na kiongozi wa Conservative wakawa wanatoa barua ya pamoja ya kumuidhinisha mgombea, na Liberal wengi wa upande wa Asquith hawakupewa, kwahiyo wakaenda kwenye uchaguzi chama kimoja kina makundi mawili yanayogombania majimbo, mwaka huo huo ambao orodha ya wapiga kura imeruka kutoka chini ya milioni 8 hadi zaidi ya milioni 21. Fikiria. Wapiga kura wengi kiasi hicho, hawajawahi kukupigia, wanafungua mlango wanawakuta mnarushiana viti. Asquith mwenyewe akapoteza jimbo lake.

Hata hapo hawakuwa wamekufa. 1923 waliungana wakapata asilimia karibu 30 na viti 158. Conservative 258, Labour 191, hakuna mwenye wingi wa kutosha. Asquith akaamua waache Labour waongoze, akiamini watachemsha wenyewe. Januari 1924 MacDonald, yule yule wa makubaliano ya 1903, akawa waziri mkuu wa kwanza wa Labour. Uchaguzi wa Oktoba mwaka huo Liberal wakaporomoka hadi viti 40. Mpiga kura wa kihafidhina aliyekasirika kwamba Liberal wamewaweka Labour akahama, na wa kushoto aliyeona Labour inaweza kuongoza kweli naye akahama. Kwa maoni yangu hapa ndo pigo kubwa kuliko 1918, maana kabla ya 1924 ulikuwa unaweza kusema "Labour hawawezi kuunda serikali", baada yake huwezi tena.

Dhana: kuanzia hapo hadi juzi chama kilikuwa maiti

1951 walibaki wabunge 6 kwa asilimia 2.5 ya kura, na utani wa Waingereza ulikuwa kwamba wabunge wote wa Liberal wanaenea kwenye teksi moja. Hata hao sita sio wote walishinda kwa jasho lao, Bolton na Huddersfield kila mji ulikuwa na majimbo mawili na Conservative waligawana nao, moja lako moja langu. Hapo sibishi, hali ilikuwa mbaya.

Lakini kuanzia Jo Grimond alipokuwa kiongozi wakaanza kushinda chaguzi ndogo (za kujaza kiti kilichoachwa wazi), Torrington 1958, Orpington 1962, na tangu hapo hiyo ndo kazi wanayoiweza kuliko yeyote. Uchaguzi mdogo nchi nzima inatazama jimbo moja, wanahamia huko kwa mamia, wanagonga kila mlango, wanaongelea mashimo ya barabarani na zahanati. Stori ninayoipenda ni ya Oktoba 1990: Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Conservative, akasimama kwenye mkutano mkuu wa chama chake akaicheka nembo mpya ya Lib Dem, ndege, akasema huyo ni kasuku aliyekufa. Ukumbi mzima kicheko. Haikufika hata wiki, Lib Dem wakachukua Eastbourne, jimbo lililokuwa la Conservative, na mwezi uliofuata Thatcher mwenyewe akajiuzulu. (Sio kwa sababu ya Eastbourne peke yake, msinivamie.)

Na Februari 1974, zaidi ya watu milioni 6 waliwapigia hao maiti. Viti 14.

Dhana: ada ya chuo ndo iliwamaliza 2015

Nusu kweli. Nick Clegg, kiongozi wa Lib Dem wakati huo, na wabunge wenzake walisaini ahadi hadharani kwamba hawatapitisha ongezeko la ada. Mei 2010 wakaingia serikali ya mseto na David Cameron wa Conservative, Desemba bunge likapandisha kikomo cha ada kutoka pauni elfu tatu na ushee hadi elfu tisa kwa mwaka. Wabunge wao 21 walikataa, wengine wengi wakapiga ndiyo. 2012 Clegg akatoa video ya kuomba radhi, watu wakaigeuza wimbo. Uchungu ulikuwepo kweli na wanafunzi hawakusahau.

Ila ona nani alichukua viti vyao 2015. Walikuwa na 57 wakabaki na 8. Kati ya 49 waliyopoteza, 12 vilienda Labour, 10 SNP, chama cha kitaifa cha kule Scotland, na 27 vilienda Conservative! Sasa mwanafunzi aliyekasirikia ada hawezi kwenda kumpigia Conservative aliyeipandisha. Kilichotokea ni kwamba yule mfuasi wa Labour wa Devon na Somerset, kusini magharibi, aliyekuwa anawaazima kura tangu 1997 ili Conservative asipite aliona jamaa wamekaa meza moja na Conservative, akaichukua kura yake. Huhitaji ada ya chuo kuelewa hilo. Hata wangeikataa ada, kukaa kwenye ule mseto tu kungewagharimu mkoa wote wa kusini magharibi, ambako kweli hawakubakiza hata kiti kimoja. Ed Davey alikuwa waziri, naye akaanguka kwake Kingston and Surbiton, akarudi 2017, na ndo huyo huyo 2024, akiwa kiongozi wa chama, alikuwa anaangukia ziwa Windermere kutoka kwenye ubao wa kupiga kasia mbele ya kamera. Watu wanasema vile vituko ndo vilileta viti 72. Hapana. Vituko vilileta kamera, viti vilikuja kwa sababu mfuasi wa Labour wa kusini aliwaazima tena kura yake.

Dhana: Liberal walikuwa watetezi wetu wakati wa ukoloni

Fupi tu. Uganda ilitangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza 1894, serikali ya Lord Rosebery, Liberal. Churchill alipopanda treni ya Mombasa 1907 alikuwa naibu waziri wa makoloni kwenye serikali ya Liberal. Wakati wa ukubwa wao walitawala kama wengine. Walipokuwa wachache ndo nawapa heshima: 1968 bunge lilipitisha kwa siku chache sheria ya kuwazuia Wahindi wa Kenya wenye pasi za Uingereza wasiingie, Liberal walikuwa wabunge 12 wakaipinga, mmoja wao David Steel aliyesoma Nairobi utotoni, baba yake akiwa mchungaji pale. Baadaye akawa kiongozi wa chama.

Dhana: mambo ya Waingereza hayo, wabongo wa London hayatuhusu

Yanakuhusu hadi kwenye sanduku la kura. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura uchaguzi mkuu, huhitaji uraia wa kule. Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda ndani. Mrundi na Mkongo hapana, nchi zao hazimo kwenye Jumuiya. Unajiandikisha mtandaoni, na kwenye kituo wanataka kitambulisho cha picha, pasi yako ya Tanzania au Kenya inakubalika, hata iliyoisha muda, mradi picha bado inafanana na wewe.