Upepo ni wako, laini ya mtaa si yako

Swali tunaloletewa sana siku hizi kwenye dawati la usalama wa stima ni hili: je, serikali inakataza mtu kujitengenezea stima ya upepo kwa mota ya mashine ya kufua iliyokufa? Haikatazi. Sheria ya Kawi ya Kenya ya mwaka 2019 haimdai leseni anayezalisha hadi megawati 1 kwa matumizi yake mwenyewe. Kifaa chako hakitakaribia hapo.

Kufungua mashine na kuchonga mapanga, fundi wa jua kali anajua kunishinda, kwa hiyo sitamfundisha kazi. Neno moja tu kuhusu mota. Ya feni nyingi za dari, na ya mashine nyingi za kufua zinazotumia mkanda, haina sumaku ya kudumu. Utaizungusha hadi jioni na taa isiwake. Tafuta ile bapa yenye sumaku, inayozungusha pipa moja kwa moja. Nayo ikizunguka bila mzigo, yaani bila taa wala betri ya kuilisha, inaweza kupita volti 100, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba "ni stima ya betri tu."

Wanaotarajia pasi na jiko wapunguze matumaini. Mapanga yenye kipenyo cha mita 2, katika upepo wa mita 5 kwa sekunde, hupitiwa na takriban wati 240 za nguvu ya upepo. Kifaa cha kujitengenezea kikinasa robo, yaani wati 60, kimejitahidi. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu huwa mara 8, na hapo ndipo mapanga hung'oka na kuruka. Breki iwepo kabla ya mlingoti kusimamishwa.

Sasa jambo linalotukosesha usingizi: waya wenye plagi pande zote mbili. Mtu anatoa stima kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza stima ya betri iwe kama ya ukutani, anaichomeka kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima inawaka, naye anajiona mhandisi. Tukimkanya kwamba stima hiyo hurudi nje hadi laini ya mtaa, anajibu kwamba inveta ndogo haiwezi kubeba mtaa, itajizima. Mara nyingi kweli itajizima. Lakini waya ukikatika kati ya nguzo na nyumba yako, hakuna mtaa wa kubebwa. Kuna fundi aliyepanda ngazi akiamini laini imekufa, na volti 240 zako zinamngoja. Tumelisema hili mara ngapi?

Utaratibu ni huu. Mfumo ukijitegemea, uwe na taa na soketi zake, na fyuzi karibu na betri. Ukitaka utumie nyaya za nyumba, mwite fundi mwenye leseni afunge swichi ya kubadilisha chanzo, ile ya chenjiova, ambayo haiwezi kuruhusu vyanzo viwili kwa pamoja. Kuzima swichi kuu kwa mkono si badala yake. Siku moja utasahau. Ukitaka kurudisha stima kwenye gridi, hilo lina kanuni zake za mwaka 2024: ombi kwa msambazaji wa stima, idhini, mkataba, kisha mita inayosoma pande mbili. Kwa mpangilio huo. Anayeunganisha kwanza na kuomba baadaye anaweza kukatiwa stima na kufikishwa mahakamani, na kusema "sikujua" hakutamfaa.

Mwisho, bandika karatasi kando ya mita: "Hapa pana stima ya upepo na betri." Fundi akija usiku wa mvua, ataisoma kabla hajagusa kitu.