Hayumo kwenye orodha: viwango vya mabinti wa kikapu vina uzito gani?

Mama mmoja wa Kikongo alinishika mkono mlangoni mwa ukumbi, hapa Iowa, mechi ya watoto imekwisha na watu wanatoka. Binti yake ana miaka 16, mrefu, mikono mirefu zaidi, na alikuwa ametoka kukusanya rebaundi, mipira inayorudi mtupo ukikosa kikapu, kama mtu anayeokota maembe chini ya mti. Mama hakuniuliza habari za rebaundi. Alisema, "Kocha, mutoto yangu haiko mu ile liste. Basi imeisha?"

Nilimwambia, "Hapana mama, haijaisha," nikamweleza mawili matatu tukiwa tumesimama kwenye baridi. Nilipofika nyumbani nikaona nimemjibu nusu. Kazi yangu siku hizi ni kuchambua video za wachezaji kwa timu ya wanawake ya chuo kimoja kidogo. Kabla ya hapo nilifundisha mabinti Dar es Salaam, kwenye viwanja vya JMK Park pale Kidongo Chekundu. Orodha ile naishika kila wiki. Najua inapopatia na najua inapokosea, na wazazi wetu wengi huku hawajapata mtu wa kukaa nao chini awaeleze kwa lugha yao.

Inayotajwa sana ni ya ESPN, kituo cha michezo cha televisheni cha Marekani. Kila mwaka inawapanga mabinti 100 wanaomaliza sekondari Marekani, kuanzia namba 1, na kuwagawia nyota. Nyota tano ndilo daraja la juu. Makocha wa vyuo wanaisoma, waandishi wanaisoma, na wasichana wenyewe wanaisoma usiku kwenye simu hata kama watakukatalia.

Kule juu kabisa orodha inaona vizuri sana. Chukua waliomaliza sekondari mwaka 2020. Namba 1 alikuwa Paige Bueckers, namba 2 Angel Reese, namba 3 Cameron Brink, namba 4 Caitlin Clark, namba 5 Kamilla Cardoso. Fuata njia zao. Brink alichukua ubingwa na Stanford mwaka 2021. Cardoso aliuchukua mara mbili na South Carolina, 2022 na 2024. Reese aliupata 2023 na LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, Bueckers 2025 na Connecticut, chuo kilekile alichopitia Hasheem Thabeet wetu wa Tanzania. Drafti ya 2024 ilipofika, yaani siku timu za WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, Clark alichaguliwa wa kwanza, Brink wa pili, Cardoso wa tatu, Reese wa saba. Mwaka uliofuata Bueckers naye akachaguliwa wa kwanza. Watano waliotajwa wakiwa watoto wa sekondari, na hakuna hata mmoja aliyepotea njiani. Mtu akikwambia viwango ni upuuzi mtupu, mwonyeshe majina hayo.

Sasa yatazame tena kwa jicho la pili. Kati ya hao watano, asiyepata ubingwa wa chuo ni mmoja tu, Clark, na ndiye aliyemaliza na pointi 3,951, nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote wa kiume au wa kike katika daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Aliifikisha Iowa fainali mbili mfululizo, 2023 na 2024, akapoteza zote. Kwa hiyo nafasi ya 1 na nafasi ya 4 zilitofautiana nini? Mimi naona hazikutofautiana kitu. Orodha ilijua kwamba hawa ni wa tabaka la pekee. Kuwapanga ndani ya tabaka hilo ilikuwa kubahatisha. Ukishuka hadi ishirini na kitu, huko ndiko ukungu unakoanza. Binti wa 28 na binti wa 61 unaweza kuwabadilisha nafasi na usimkosee yeyote.

Ukungu huo una sababu, na nimeuona unavyotengenezwa. Mwezi wa saba vilabu vya mabinti vinakutana kwenye mashindano ya kiangazi. Fikiria ukumbi mmoja wenye viwanja vinane chini ya paa moja, filimbi zinaingiliana, vipaza sauti vinaita timu, sakafu inalia kwa viatu. Makocha wa vyuo vikubwa wanajipanga kwenye kiwanja kimoja, wamevaa fulana za vyuo vyao, kwa sababu anayecheza pale tayari ana jina. Nami nilikuwa nimekaa hapo. Nilipoenda kutafuta maji nikapita kiwanja cha mwisho, nikamkuta msichana anazuia kila mtupo unaokuja karibu na kikapu, na waliokuwa wakimtazama ni wazazi na kocha mmoja mwenye daftari. Chanda chema huvikwa pete, ndiyo, lakini pete zenyewe zilikuwa zimeshapelekwa kiwanja kingine. Upande wa wanaume macho ni mengi, kwa hiyo aliyepitwa na mmoja huonwa na mwingine. Kwa mabinti watazamaji wa kazi hiyo ni wachache, na wakimkosa wote, hayumo.

Hata hivyo naamini kwamba, kwa miaka mingi, viwango vya mabinti vilibeba uzito mkubwa kuliko vya wavulana. Sababu ni sheria ya drafti. Mvulana hodari anacheza chuo mwaka mmoja anaondoka. Binti wa Kimarekani haingii WNBA mpaka afikishe miaka 22 ndani ya mwaka wa drafti, au ahitimu shahada, au ipite miaka minne tangu amalize sekondari. Ukimpata namba 1, umempata kwa miaka minne. Breanna Stewart alikuwa namba 1 wa mwaka 2012. Alikwenda Connecticut na akaondoka na mataji manne katika misimu minne. A'ja Wilson, namba 1 wa 2014, alibaki nyumbani kwao South Carolina, na mwaka 2017 chuo hicho kikapata ubingwa wake wa kwanza. Binti mmoja aliweza kubadilisha ramani nzima ya mchezo, na kocha aliyemkosa alijua atakutana naye tena na tena kwa miaka minne.

Hesabu hiyo imebadilika, na hapa ndipo nataka wazazi watulie wanisikilize. Mwezi Oktoba 2018 NCAA ilifungua lango la uhamisho: mchezaji anaandikisha jina, vyuo vingine vinaruhusiwa kumfuata. Mwaka 2021 ikaruhusiwa kuhama mara ya kwanza bila kukaa benchi msimu mzima. Mwezi Julai mwaka huohuo wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, na kuanzia Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Kiwango cha sekondari hakinunui tena miaka minne.

Mfano unaoniuma kila nikiukumbuka ni Oregon. Mwaka 2020 walisajili mabinti watano kwa mkupuo, wote watano wameteuliwa kwenye mchezo wa nyota wa McDonald's, ule unaochagua mabinti 24 tu nchi nzima: Te-Hina Paopao, Sydney Parrish, Maddie Scherr, Kylee Watson na Angela Dugalic. Kwenye karatasi ilikuwa timu ya ubingwa. Dugalic akahama baada ya msimu mmoja kwenda UCLA. Mwaka 2022 Parrish akaenda Indiana, Scherr Kentucky, Watson Notre Dame. Paopao alibaki hadi 2023, akaenda South Carolina, na msimu wake wa kwanza kule wakachukua ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja, 38 kwa 0. Oregon msimu huohuo ilishinda michezo 11, ikapoteza 21. Orodha haikukosea kuhusu mabinti hawa. Wanajua kucheza, na walikokwenda walicheza. Kitu ambacho orodha haikuwa na namna ya kukiona ni kama watano wale watagawana mpira mmoja, dakika 40 na kocha mmoja, na bado wapende kuamka asubuhi pamoja.

Linganisha na South Carolina waliosajili mwaka mmoja kabla. Aliyah Boston, Zia Cooke, Brea Beal na Laeticia Amihere, wote wa viwango vya juu, waliingia 2019 na wakakaa wote miaka minne. Walibeba kombe 2022. Ukiniuliza kocha wao, Dawn Staley, anazidi wengine wapi, nitakwambia ni hapo, kwenye kuwaweka. Beal angekuwa nyota wa kufunga kwenye timu nyingine; kule alikubali kazi ya kumkaba mfungaji hatari wa upande wa pili, usiku baada ya usiku. Kukubali huko hakuna nyota zake.

Na LSU ya 2023? Kocha Kim Mulkey aliijenga kwa waliohama. Reese alitoka Maryland. Katika fainali dhidi ya Iowa aliyeua mchezo ni Jasmine Carson, aliyekuwa amepitia Georgia Tech na West Virginia kabla ya kufika pale: pointi 21 kipindi cha kwanza peke yake, akitokea benchi. Mwaka uliofuata Iowa ikakutana na South Carolina, na aliyeongoza kwa pointi upande wa washindi ni Tessa Johnson, wa mwaka wa kwanza, 19, naye pia akitokea benchi. Benchi la South Carolina lilifunga 37. Benchi la Iowa halikufunga hata moja. Mchezaji mmoja wa kiwango cha Clark anakufikisha fainali. Kombe linaamuliwa na mchezaji wa saba na wa nane, yaani watu wa kwenye ukungu.

Nisiwe mwongo kwa kuchagua mifano ya upande mmoja. Connecticut waliochukua ubingwa 2025 walikuwa na namba 1 watatu: Bueckers wa 2020, Azzi Fudd wa 2021, Sarah Strong wa 2024. Kwenye fainali waliyoshinda 82 kwa 59, watatu hao walifunga pointi 65. Lakini kumbuka Bueckers alikatika kano ya goti mwaka 2022 akakosa msimu mzima, Fudd naye akakatika 2023. Mabinti wanaumia kano ile kwa kiwango kikubwa kuliko wavulana, na hakuna namba inayoweza kukuandikia hilo mapema. Connecticut walisubiri. Subira ile ndiyo iliyowapa kombe, sawasawa na viwango.

Halafu kuna Madina Okot. Wakenya wanamjua tangu akiwa Chuo Kikuu cha Zetech, kule Ruiru. Hakucheza sekondari Marekani, kwa hiyo orodha ile ya mia haikuwa na mahali pa kumweka. Mwaka 2024 akaenda Mississippi State, akakaribia wastani wa rebaundi 10 kwa mchezo, na mwaka 2025 South Carolina wakamchukua. Cardoso, senta mwenzake kwa umbo, alitoka Brazili akiwa bado mtoto akasoma sekondari Tennessee, akawa namba 5. Kilichomwingiza Cardoso kwenye orodha na kumwacha Okot nje ni mahali waliposimama wakati watazamaji wanapita. Husemwa kizuri chajiuza. Kizuri kilichoko Ruiru hakijiuzi Connecticut mpaka mtu akibebe kwenye video.

Kwa hiyo wakati natazama binti, namba yake naifunika kwa karatasi. Natazama miguu kabla ya mikono: akipokea pasi, je, amekwisha jipanga, au anaanza kutafuta sakafu baada ya mpira kufika? Natazama sekunde tatu baada ya kosa. Amenyang'anywa mpira, anarudi kukaba au anainua mikono kwa mwamuzi? Natazama akitolewa nje anakaa wapi kwenye benchi, na macho yake yako wapi. Wako waliopangwa kumi bora ambao video zao nimezisimamisha hapohapo kwenye zile sekunde tatu, nikazirudisha nyuma, nikaandika neno moja kwenye daftari na kwenda kwa anayefuata.

Mama yule nilimpigia Jumamosi. Nilimwomba vitu viwili: wastani wa masomo wa binti, kwa sababu bila huo hakuna chuo, na video za michezo miwili mizima. Nikamwambia asinitumie vipande vya kufunga tu, na mchezo mmoja uwe waliofungwa. Akanyamaza kidogo. "Ule walipigwa sana?" Nikamwambia, ndiyo mama, huohuo.

Umefika jana usiku. Walifungwa kwa pointi 24. Katika robo ya nne, mchezo umeshakufa, binti anapoteza mpira katikati ya uwanja. Anageuka, anakimbia na yule msichana hadi chini ya kikapu, anaruka kwa mkono wa kushoto na kuugusa mpira kwa ncha za vidole. Nimeandika dakika na sekunde, na kesho asubuhi namwonyesha kocha wangu.