Ukipigwa picha rasmi melini, taa iwekwe kwa ajili ya uso wako

Swali ninaloulizwa zaidi na watu wanaojiandaa kupanda meli ya kitalii ni bei ya picha. Jibu fupi: kwenye meli nyingi kubwa, kukaa mbele ya kamera ni bure. Unalipia ile picha utakayoipenda, na usipoipenda unaiacha hapo hapo. Ukilielewa hilo vizuri utajua namna ya kujiendesha safari nzima, kwa sababu mpigapicha aliye mbele yako anakula kwa picha unazonunua, si kwa picha anazopiga.

Nimeifanya kazi hiyo melini kabla ya kufungua studio yangu hapa Mombasa, na hadi leo wateja huniletea picha za meli niwasafishie. Malalamiko yao yanafanana. Nguo imetoka, pazia la nyuma limetoka, meno yametoka, uso haukutoka. Umekuwa kivuli chenye tabasamu. Uso wa namna hiyo siwezi kuurudisha wote kwenye kompyuta, kwa sababu kilichokosekana ni mwanga, na mwanga huwekwa siku ile ile. Ndiyo maana naandika haya.

Tuzipite haraka picha zisizohitaji maandalizi. Ile ya ngazini siku ya kupanda, ukiwa na mkoba begani na jasho la bandarini, iache ipite. Za mezani wakati wa chakula ni kumbukumbu nzuri za watoto. Picha rasmi hasa ni mbili: ya jioni ya mavazi rasmi, na ya studio ya meli.

Safari ya siku 7 kwa kawaida huwa na jioni mbili za mavazi rasmi, na moja huangukia siku ambayo meli iko baharini kutwa nzima, maana abiria wanapata muda wa kujipamba. Saa moja kabla ya chakula utakuta mapazia yametundikwa kwenye ukumbi mkubwa wa kati, kila pazia na taa zake, na foleni mbele yake. Hebu fikiria ukubwa wa kazi: meli kama Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024, inaweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000. Familia moja inapata dakika mbili, pengine pungufu. Mpigapicha ameshapanga taa zake tangu alasiri, ameweka kipenyo cha lenzi kwenye f/8 au karibu na hapo ili walio mstari wa mbele na wa nyuma wote watoke wazi, na kamera haibadiliki tena mpaka foleni iishe. Anapokea mtu mweupe kama karatasi, anayemfuata ni maji ya kunde, wa tatu ni mweusi tititi, na wote wanapata mwanga ule ule.

Flashi hapo ni lazima. Sakafu ya meli inatetemeka kwa injini hata bahari ikiwa shwari, na mwako wa flashi ni mfupi kiasi kwamba mtetemo hauonekani kwenye picha. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba picha ya ndani ya meli lazima iwe na ukungu.

Kuhusu mapazia, nina maoni yangu. Katika miaka ya 1990, pale kivukoni Likoni, wapigapicha walikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli na ndege, na mtu aliyekuja mjini kutafuta riziki alipiga picha mbele ya meli ile akaituma kwao. Melini mambo yamegeuka: uko juu ya meli ya kweli, na nyuma yako wametundika mchoro wa ngazi za jumba la kifalme. Naheshimu sana kazi ya mapazia, ndiyo iliyojenga studio za pwani yetu. Lakini ukiwa na dakika mbili tu, chagua foleni ya pazia tupu, na kama lipo la kijivu chagua hilo. Pazia lililochorwa machweo lina mwanga wake uliotoka upande mmoja, wewe unamulikwa kutoka upande mwingine, na jicho la mtazamaji linaiona tofauti hiyo hata kama hawezi kuitaja.

Sasa tuje kwenye ngozi, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoumia.

Kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu. Mafundi waliziita kadi za Shirley. Uso wake ukitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Filamu ilianza kuboreshwa kwa rangi za kahawia baada ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao kulalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha, na kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja katikati ya miaka ya 1990. Kamera za siku hizi hazina tatizo hilo kwa kiwango kile. Zinasoma vivuli vizuri kabisa. Kilichobaki ni mazoea ya mtu anayepanga taa: anajipima mwenyewe au mwenzake wa zamu, na kama wote ni weupe, hicho ndicho kipimo cha jioni nzima.

Wengi wanadhani dawa ni kuongeza nguvu ya taa. Ukiongeza nguvu tu, paji la uso linang'aa kama kioo na mashavu yanabaki gizani. Ngozi nyeusi inarudisha mwanga mwingi kwa njia ya mng'ao, kwa hiyo umbo la uso linachorwa na mng'ao huo. Taa ikiwa ndogo na mbali, mng'ao unakuwa doa. Taa ikiwa pana, yenye softboksi kubwa (kisanduku cha kitambaa kinacholainisha mwanga), ikasogezwa karibu na kuwekwa upande, mng'ao unatandazika taratibu kutoka kwenye mfupa wa shavu hadi kwenye taya, na hapo uso unapata mwili. Halafu inahitajika taa ya pili, ndogo, nyuma ya bega, ili nywele au ushungi uachane na pazia. Mtu mweusi aliyevaa suti nyeusi mbele ya pazia jeusi bila taa ya nyuma ni kichwa kinachoelea.

Mavazi yetu nayo yana mambo yake. Kanzu nyeupe ikipigwa na mpigapicha anayezunguka na kamera iliyowekwa kupima yenyewe inaleta shida, kwa sababu kamera inajaribu kuifanya picha nzima iwe kijivu cha wastani. Inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso wa mzee unazama. Buibui jeusi ni kinyume chake: kamera inaongeza mwanga, uso unapauka, na nakshi za mikononi zinapotea. Kwa buibui lenye urembo, mwanga wa upande ndio unaoonyesha kazi ya sindano. Kitenge na kanga havina shida mradi pazia liwe tupu.

Nakumbuka bibi mmoja wa kwetu, anaishi na wanawe Uingereza, alipanda meli kutoka Southampton na wajukuu wake. Nilikuwa studio siku hiyo. Niliposema "Shikamoo bibi," aliitikia marahaba akanishika mkono hakuuachia, akaniuliza mimi ni wa wapi, wa nani. Kisha akasema: "Mwanangu, nitoe kama nilivyo. Wenzio jana wamenitoa kama jivu." Alikuwa na picha ya jioni rasmi mkononi, na kweli, mtu aliyeihariri alikuwa ameinua vivuli vyote kwa pamoja kuokoa uso, rangi ikafa. Nilimkalisha kwenye kiti bila kumsimamisha, nikaileta softboksi hadi karibu kuingia kwenye fremu, kushoto kwake na juu kidogo ya macho. Upande wa kulia niliweka ubao mweusi badala ya mweupe unaorudisha mwanga, ili mikunjo ya uso wake isifutwe. Ushungi wake wa hudhurungi nilimulikia kwa nyuma. Mjukuu akawa anamsomesha atabasamu, nikamwambia mwache bibi apumue. Picha aliyoichagua ni ile aliyofunga mdomo, anaitazama kamera kama anayekuhoji. Familia ilinunua picha nyingi, lakini hiyo moja ndiyo waliyosimama kuitazama muda mrefu.

Usisubiri kumkuta mpigapicha wa kwenu. Sema. Wapigapicha wa melini wanatoka kila pembe ya dunia na wengi ni vijana hodari wanaotaka kuuza. Mwambie kwa upole: naomba pazia la kijivu, usogeze taa kubwa karibu, uniwekee taa nyuma ya bega, na unionyeshe picha ya kwanza kabla hatujaendelea. Ukiiangalia picha hiyo, usitazame nguo. Tazama upande wa uso ulio mbali na taa: ukiona jicho, sikio na mstari wa taya, endeleeni. Ukiona giza tupu, mwombe alete kibao cheupe upande huo. Kwenye foleni ya jioni hataweza yote hayo, ila pazia na kusogea hatua moja kuelekea kwenye taa anaweza.

Kwa sababu hiyo nawashauri watu wakate nafasi ya studio, hasa kwa wazazi na wazee. Kampuni kadhaa zina chumba maalumu cha picha za kitaalamu. Carnival, kwa mfano, huita chao Dreams Studio, na mtindo wake ni wa picha zisizo na rangi. Picha isiyo na rangi inaipenda sana ngozi nyeusi ikiwa mwanga umewekwa sawa, kwa sababu ngazi zote za kijivu zinapatikana usoni. Weka miadi siku ya kwanza au ya pili, kabla nafasi hazijajaa na kabla hujachoka. Saa nzuri ni asubuhi ya siku ya baharini. Ukitoka ufukweni jioni macho huwa mekundu na ngozi ina chumvi.

Jambo dogo linaloharibu picha nyingi: mafuta ya kujikinga na jua yenye zinki au titani. Kwa macho ya kawaida huyaoni, flashi ikiwaka uso unakuwa na utando mweupe, shingo inabaki na rangi yake. Poda nyeupe laini zenye silika hufanya vivyo hivyo. Nawa uso vizuri, jipake mafuta yako ya kila siku kidogo, kisha gusa paji na pua kwa tishu. Usifute mashavu, mng'ao wake tunauhitaji. Mwenye miwani ainue vipini kidogo juu ya masikio ili kioo kiiname, na taa ipandishwe, mwako utaondoka.

Wapo wanaotaka picha ya sitahani, na mimi mwenyewe naipenda, ila ina masharti. Meli inayokwenda kwa kasi ya noti 20 (maili za baharini kwa saa) inajitengenezea upepo wa kilomita 37 kwa saa hata kama hewa imetulia, kwa hiyo ushungi, kofia na nywele vifungwe kwa pini, na msimame upande wa demani, yaani usiopigwa na upepo, au nyuma kwenye tezi, mkikingwa na ukuta. Jueni jua litazama upande gani. Televisheni ya kabini kwenye meli nyingi huonyesha ramani na uelekeo. Karibu na ikweta machweo hayangoji: jua likishagusa maji mna dakika chache tu za rangi. Alaska mwezi wa Juni, jua la Juneau linazama karibu saa nne usiku, na mwanga laini unakaa muda mrefu. Na mwenye kamera yake, aitoe kwenye begi mapema. Ikitoka kwenye baridi ya kabini kwenda kwenye joto la nje, lenzi hupata ukungu, na kuifuta hakusaidii mpaka ipate joto.

Sasa malipo. Picha moja ya inchi 8 kwa 10 huuzwa kwa takriban dola 20 au zaidi, na vifurushi vya studio huanzia mamia ya dola. Usinunue siku unayoonyeshwa. Weka alama kwenye zile unazozipenda, lala, rudi kesho yake na mtu mwingine wa familia. Lakini usingoje usiku wa mwisho, kwa sababu kaunta inajaa na hakuna atakayekusikiliza, na picha zisizonunuliwa mara nyingi hufutwa safari ikiisha.

Karatasi ya picha haikupi haki ya kuichapisha upya. Haki miliki hubaki kwa kampuni, na duka la picha mjini linaweza kukataa kuitoa nakala. Kama unataka kuwagawia ndugu, nunua faili na uombe barua ya ruhusa ya kuchapa. Uliza pia ukubwa wa faili: kwa inchi 8 kwa 10 iliyo safi unahitaji pikseli 2,400 kwa 3,000. Ikiwa pungufu sana ya hapo, umepewa ya kuweka kwenye simu. Ifungue hapo hapo kaunta, ikuze hadi macho yajaze skrini, uhakikishe kope zinahesabika na kwamba aliyehariri hakuilainisha ngozi ikawa plastiki au kuing'arisha kuliko ulivyo. Ukiona hivyo, omba faili ambayo haijahaririwa.