Mbu Wasiokufa kwa Dawa: Maswali na Majibu

Chandarua changu ni kipya na kina dawa. Mbona nakuta mbu wazima wametua juu yake?

Si lazima chandarua kiwe feki. Kwa miaka mingi vyandarua vilivyogawiwa viliwekwa dawa za kundi moja tu, pairethroidi, na mbu wengi wanaoeneza malaria sasa wanazihimili. Huo ndio usugu. Wataalamu hupima kwa kuwaweka mbu jike saa 1 kwenye mirija yenye karatasi iliyopakwa dawa, kisha wanahesabu waliokufa baada ya saa 24. Wakifa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika.

Kwa hiyo mbu wameizoea dawa?

Mbu mmoja mmoja hazoei kitu, maisha yenyewe ni wiki chache tu. Kati ya maelfu, wachache huzaliwa na kinga ya kurithi. Dawa inaua wenzao, wao wanabaki kutaga mayai, na vizazi vinavyofuata vinajaa watoto wao. Wapo ambao mishipa yao ya fahamu imebadilika pale dawa inaposhika. Wengine wana vimeng'enya vingi vinavyoivunjavunja dawa kabla haijawadhuru.

Na hatuwezi kulaumu vyandarua peke yake. DDT, dawa ya kuua wadudu iliyopuliziwa sana enzi za kampeni ya kutokomeza malaria ya 1955 hadi 1969, hushika palepale kwenye mishipa ya fahamu ambapo pairethroidi hushika, kwa hiyo mbu aliyeihimili DDT anaweza kuzihimili na pairethroidi. Halafu kuna mashamba: dawa za jamii hiyohiyo hupigwa kwenye pamba na mboga, zikatiririka hadi kwenye madimbwi wanamokulia viluwiluwi. Hili huwa tunalifumbia macho, labda kwa sababu nyanya ni pesa.

Basi kuna faida gani kulala ndani ya chandarua?

Ipo kubwa. Hata dawa ikishindwa, wavu usio na matundu bado unamzuia mbu asikufikie.

Vyandarua vya aina mpya vina tofauti gani?

Vipo vyenye PBO, kemikali inayovizuia vile vimeng'enya ili pairethroidi ipate nafasi ya kuua. Vilijaribiwa Muleba, mkoani Kagera, vikafanya vizuri kuliko vya kawaida.

Vinavyonivutia zaidi ni vyenye klofenapiri pamoja na pairethroidi. Klofenapiri ikiingia mwilini mwa mbu haina makali mpaka vimeng'enya viiguse. Vimeng'enya vilevile vinavyomlinda mbu dhidi ya dawa ya zamani ndivyo vinavyoigeuza hii kuwa sumu, nayo inakata uzalishaji wa nguvu ndani ya seli zake. Katika utafiti wa Misungwi, Mwanza, uliochapishwa 2022, baada ya miaka 2 karibu asilimia 46 ya watoto waliopimwa katika maeneo ya vyandarua vya kawaida walikuwa na vimelea vya malaria. Kwenye maeneo ya klofenapiri walikuwa kama asilimia 26. Shirika la Afya Duniani likavipendekeza mwaka 2023.

Ila sumu hiyo inaua polepole, pengine hadi siku 3. Ukimwona mbu akipepea asubuhi juu ya chandarua cha aina hii, usikitupe.

Nikiongeza dawa ya kupulizia ya kopo?

Nyingi zina pairethroidi hizohizo, kwa hiyo unarudia silaha ileile. Afadhali pesa hiyo inunue wavu wa madirisha, uzibe na mwanya kati ya ukuta na paa. Wapulizia dawa ukoko, ile ya kwenye kuta za ndani, wakifika mtaani kwenu, wafungulie: mara nyingi wanatumia dawa za kundi jingine. Chandarua kifue kwa sabuni ya kawaida, bila jiki, ukianike kivulini, maana jua kali hupunguza nguvu ya dawa.

Usugu huu utafanya dawa mseto isinitibu?

Hapana. Huu ni usugu wa mdudu, dawa mseto inapambana na kimelea kilichomo kwenye damu yako. Vimelea navyo vina usugu wao, lakini hautokani na chandarua. Ukipata homa, nenda kapime.